Kutafsiri na kuandika kwa ajili ya filamu za Kijapani: uliza vifaa kabla ya kutaja bei

Swali: Nina shahada ya lugha, nimefaulu mtihani wa Kijapani ngazi ya N2 hapa Nairobi, na Kiingereza changu hakina shida. Nataka kufanya kazi za kujitegemea za kutafsiri na kuandika kwa ajili ya filamu za Kijapani, nikiwa huku huku nyumbani. Nianzie wapi, nitoze vipi, na ni nini huwaangusha wanaoanza?

Jibu: Ndugu, kuna mlango mmoja ambao ni bora uuache mapema. Manukuu, yaani maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha, yakitoka Kiingereza kwenda Kijapani ni kazi ya waliokulia ndani ya Kijapani. Kanuni zake zinabana: herufi 4 kwa kila sekunde ya mazungumzo, mstari wa herufi 13 au 14, mistari miwili na si zaidi. Mwigizaji akisema sentensi ya sekunde mbili, una herufi nane za kuiwekea. Watazamaji wa huko hulifuatilia jambo hili kiasi kwamba jina la mtafsiri huonyeshwa kwenye skrini filamu inapoisha, na mtafsiri kama Toda Natsuko anajulikana hata na watu wasiojali sinema. N2 haikufikishi hapo, wala N1, ngazi ya juu kabisa ya mtihani huo, peke yake.

Kazi zilizobaki kwako ni hizi: kutafsiri picha ghafi zenye Kiswahili, manukuu ya Kijapani kwenda Kiingereza, na maandishi yanayoizunguka filamu kuanzia mswada hadi karatasi ya mauzo. Ushauri wangu ni uzichukue kwa mpangilio huo, ingawa wengi hukimbilia ya pili kwa sababu ndiyo yenye jina. Na kwa zote tatu kuna desturi moja itakayokuokoa: usitaje bei kabla hujaona vifaa, yaani video na maandishi utakayofanyia kazi. Filamu ya dakika 100 iliyo na orodha kamili ya mazungumzo na filamu hiyo hiyo isiyo na orodha ni kazi mbili tofauti, hata kama mteja ameziita kwa jina moja.

Tuanze na Kiswahili chako, maana ndicho kitu ulicho nacho ambacho mtafsiri wa Tokyo hana. Runinga za Japani na kampuni zinazozitengenezea vipindi hupiga picha Afrika Mashariki: wanyama wa Serengeti, wakimbiaji wa Iten, wavuvi, wakulima wa kahawa. Waliofunzwa Kiswahili wapo Japani, Chuo Kikuu cha Osaka kina somo hilo na NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, hutangaza kwa Kiswahili, lakini ni wachache ukilinganisha na saa za picha zinazorudi na wapigapicha. Muongozaji na mhariri wa picha hawaelewi neno hata moja la mahojiano waliyobeba, na hawawezi kukata picha mpaka wajue nani anasema nini, wapi.

Kinachotakiwa hapo ni jedwali. Safu ya kwanza ni taimukodi (saa ya video inayoonyesha kila mahali kwenye picha) ya kuanza, ya pili ya kumaliza, kisha msemaji, kisha maneno ya Kiswahili kama yalivyosemwa, na mwisho tafsiri ya Kijapani au Kiingereza. Usiliache Kiswahili chenyewe hata mteja akisema hakihitaji, kwa sababu akija kuuliza baada ya mwezi hutataka kusikiliza upya saa nzima. Kila sentensi iwe na mstari wake wa jedwali. Hapa ndipo wanaoanza huharibu: wanasafisha. Mzee amesema jambo, akajirudi, akaongeza sharti, nao wanaandika muhtasari mzuri wa mistari miwili. Mhariri, akiamini muhtasari, anakata katikati ya sentensi, na kipindi kinarushwa mzee akionekana kukubali jambo alilolikataa. Andika kujirudi kwake, andika kusita kwake, weka alama pale sauti mbili zinapogongana. Kama maneno hayasikiki, andika kwamba hayasikiki na uweke taimukodi. Kubahatisha ni hatari kuliko pengo.

Mahojiano safi ya mtu mmoja, yenye kipaza sauti kifuani, hula saa nne hadi sita za kunakili kwa kila saa ya sauti, na tafsiri juu yake. Mazungumzo ya sokoni au ndani ya mtumbwi yanaweza kuongeza maradufu. Kwa hiyo omba dakika tano za picha kutoka sehemu tatu tofauti kabla ya kukubali, uzipime kwa saa yako, halafu ndipo utaje bei kwa dakika ya picha. Sikiliza pia lugha. Picha za Ngorongoro zinazoitwa za Kiswahili mara nyingi zina Kimaasai nusu nzima, na za vijiweni Nairobi ni Sheng. Kama hujui Kimaasai, sema siku ya kwanza, utafute mwenzako anayekijua, na bei yake uiweke mbali na yako.

Sasa manukuu ya Kiingereza. Hii ndiyo kazi iliyo nyingi, kwa sababu filamu ya Kijapani haiendi tamasha lolote la nje wala soko lolote bila Kiingereza. Misimu inajulikana. Berlin ni Februari, Cannes ni Mei, Venice huanza mwishoni mwa Agosti, na Tokyo ni Oktoba kuelekea Novemba pamoja na soko lake la TIFFCOM. Tamasha la filamu za hali halisi la Yamagata hufanyika Oktoba kila mwaka usiogawanyika kwa mbili. Rudi nyuma miezi mitatu kutoka kila tarehe, hapo ndipo simu za haraka zinapoanza. Machi ina haraka yake yenyewe, kwani mwaka wa fedha wa Japani hufungwa tarehe 31 Machi na ruzuku nyingi hutaka kazi iwe imekabidhiwa kabla ya hapo.

Kabla ya kukubali, uliza maswali haya kwa barua moja, usiyatawanye. Je, picha imeshafungwa, yaani ule uonyesho wa mwisho wa uhariri wanaouita ōru rasshu umepita? Kuna mswada uliosahihishwa kufuata picha ya mwisho, au ni ule wa siku za kupiga picha tu? Video ina fremu, yaani picha tuli, ngapi kwa sekunde, na taimukodi yake inaanzia wapi? Nani anaweka muda wa manukuu, wewe au maabara inayotengeneza nakala ya mwisho? Faili linakabidhiwa kwa muundo gani? Nani ana neno la mwisho juu ya tafsiri?

Swali la fremu linaonekana dogo hadi likuume. Video ya kufanyia kazi huwa fremu 23.976 au 29.97 kwa sekunde, ilhali nakala ya ukumbi wa sinema ni 24. Ukiweka muda kwenye 23.976 na maabara wakalisoma faili lako kama la 24, dakika ya kwanza kila kitu kiko sawa, baada ya saa moja manukuu yamepishana na midomo kwa sekunde 3.6, na mwisho wa filamu ya dakika 100 ni sekunde sita. Kwa 29.97 kuna aina mbili za kuhesabu, inayoruka namba za fremu na isiyoruka, nazo zikichanganywa hutoa kosa la ukubwa ule ule. Dalili ni hiyo: kosa linalokua taratibu ni la fremu, kosa lililo sawa tangu mwanzo hadi mwisho ni la mahali taimukodi inapoanzia, kwa kuwa taimukodi ya video nyingi za studio huanza 01:00:00:00 badala ya sifuri.

Kwa upande wa maandishi, wateja wengi hukubali herufi 42 kwa mstari, mistari miwili, kasi ya herufi 17 hadi 20 kwa sekunde, nukuu, yaani kila kipande cha manukuu kinachotokea mara moja, isikae chini ya fremu 20 wala kuzidi sekunde 7, na pengo la fremu 2 kati ya nukuu na nukuu. Programu ya Subtitle Edit au Aegisub ni ya bure na itakuonyesha kila ulipovuka. Studio za Japani hutumia programu ya SST, ambayo ni ya kulipia. Usiinunue kwa ajili ya kazi ya kwanza, uliza tu kama watapokea srt, muundo wa kawaida wa faili la manukuu.

Filamu ya kawaida ya mazungumzo ina nukuu 1,000 hadi 1,500. Tuseme 1,200. Mtu mwangalifu hutafsiri 150 hadi 200 kwa siku, hivyo ni siku sita hadi nane, na siku mbili za kupitia filamu yote kwa sauti. Siku ya kwanza usiandike tafsiri hata moja: tazama filamu mpaka mwisho, andika majina yote na usomaji wake, kwa sababu jina lililoandikwa kwa kanji, herufi zenye asili ya Kichina, lina njia kadhaa za kusomwa na ni mtayarishaji tu anayejua iliyo sahihi. Bei hupigwa kwa dakika au kwa kila dakika 10, mtindo uliobaki tangu enzi za mikanda. Ukishapewa bei, igawe kwa siku kumi uone kama unaweza kula. Filamu ya maneno machache yenye nukuu 400 na vichekesho vya nukuu 1,800 hulipwa sawa kwa mfumo huo, kwa hiyo usikubali bei ya dakika bila kuona mswada.

Makosa ya lugha hutokea mahali pale pale. Kijapani huacha mtenda bila kumtaja, na Kiingereza, kama Kiswahili, hakikubali. Neno itta likisikika bila maandishi laweza kuwa nilikwenda, alikwenda, au walisema. Ukikosea mtu, umebadilisha muuaji. Kitenzi na ukanushi huja mwishoni, hivyo ukitafsiri sentensi ndefu kwa mpangilio wa Kiingereza, nukuu ya kwanza itafichua siri ambayo mwigizaji hajaitamka bado na uso wake hautalingana na maneno. Kata nukuu ili habari nzito itokee pale inapotoka mdomoni. Vyeo vya -san, -kun na senpai, amua mapema na uandike uamuzi huo kwenye ukurasa mmoja wa kanuni unaoutuma pamoja na faili. Mpangilio wa majina nao ni hivyo: serikali ya Japani ilianza Januari 2020 kutanguliza jina la ukoo inapoandika kwa herufi za Kirumi, ila wauzaji wengi wa filamu bado hutanguliza la mtu mwenyewe, basi uliza. Maandishi ndani ya picha, kama barua, ujumbe wa simu au bango, yana nukuu zake na husahaulika kwa sababu hayamo kwenye mswada. Mashairi ya nyimbo usiyaguse mpaka mtayarishaji athibitishe ruhusa ya mwenye haki.

Nikuambie wazi: kwa Kiingereza kisichokuwa lugha yako ya kwanza, studio kubwa itasita. Njia inayofanya kazi ni ya watu wawili, wewe ukibeba maana ya Kijapani na mwenzako aliyekulia kwenye Kiingereza akibeba ulaini wa mazungumzo, na bei mnaigawa kabla ya kuanza. Njia nyingine ni ukaguzi: kulinganisha tafsiri iliyokamilika na sauti ya Kijapani, nukuu kwa nukuu. Inalipa kidogo, lakini utasoma kazi ya waliokutangulia huku unalipwa, na sijui shule iliyo bora kuliko hiyo. Ukitaka shule rasmi, JVTA ya Tokyo hufundisha tafsiri ya filamu, pamoja na mwelekeo wa kwenda Kiingereza.

Miswada ni ulimwengu mwingine. Mswada wa Kijapani huandikwa wima, na kipimo cha jadi ni pera, ukurasa wa nafasi 200 za herufi unaohesabiwa kama nusu dakika ya filamu. Filamu ya saa mbili ni pera 240 hivi. Ina sehemu tatu: hashira, yaani kichwa cha tukio, togaki, maelezo ya matendo, na serifu, maneno ya waigizaji. Unapoutafsiri kwa ajili ya mshirika wa nje au waigizaji wageni, usibadilishe namba za matukio hata kama zinaruka, kwa kuwa ratiba nzima ya upigaji picha imefungwa kwenye namba hizo. Na soma jalada: junbikō ni rasimu ya maandalizi, ketteikō ndiyo ya mwisho. Ukipewa junbikō, mkataba useme kwamba mabadiliko yatakuja na orodha ya kurasa zilizoguswa na yatalipwa kwa herufi. Bila hivyo utatumiwa faili jipya la kurasa 120 lenye ujumbe wa upole kwamba kuna marekebisho machache, na kuyatafuta ni kazi yako. Uliza pia kama bei ni kwa herufi za Kijapani au maneno ya Kiingereza. Herufi 400 za Kijapani hutoa maneno 180 hadi 200, kwa hiyo kuchanganya vipimo hivyo kunakula nusu ya pato lako.

Maandishi ya mauzo ni mafupi na ndiyo yenye watu wengi wa kuridhisha. Utaombwa sentensi moja ya kuuza filamu, muhtasari wa maneno kama 50, mwingine wa 150, mrefu wa 400, kauli ya muongozaji na wasifu wake. Filamu nyingi za Kijapani humilikiwa na kamati ya utengenezaji, seisaku iinkai: kituo cha runinga, mchapishaji, msambazaji, wakala wa matangazo, kila mmoja na hisa yake. Kila mmoja anaweza kutaka neno libadilishwe, na mara nyingi wanapingana. Weka duru mbili za marekebisho ndani ya bei, na dai maoni yote yaje kupitia mtu mmoja. Muhtasari mrefu unaokwenda kwa wanunuzi na waandaaji wa tamasha hutaja mwisho wa hadithi. Wanaoanza huuficha kana kwamba wanaandika bango, halafu wanarudishiwa.

Kuhusu mkataba, kuna kifungu utakachokutana nacho kila mahali: unahamisha hakimiliki ya tafsiri pamoja na haki za vifungu vya 27 na 28 vya sheria ya hakimiliki ya Japani, na unaahidi kutotumia haki zako za kimaadili kama mtunzi, kama vile kutajwa jina na kazi yako kutobadilishwa. Si ulaghai. Sheria hiyo inasema haki za vifungu hivyo viwili, za kutohoa, yaani kugeuza kazi kuwa kazi nyingine, na za kazi iliyotoholewa, zisipotajwa kwa jina huhesabiwa zimebaki kwako, na haki za kimaadili haziuziki, kwa hiyo mwanasheria wao huandika ahadi ya kutozitumia. Unachoweza kudai ni jina lako kuwekwa mwishoni mwa filamu na kuarifiwa tafsiri ikibadilishwa. Omba yote mawili kabla ya kusaini.

Kifungu hicho kina mkia wa kodi. Anayeishi nje ya Japani na kufanyia kazi nje, kazi yenyewe kwa kawaida haikatwi kodi huko, lakini malipo ya kuhamisha hakimiliki hukatwa kodi ya zuio ya 20.42%. Mhasibu wa mteja akiona neno kuhamisha, yen 100,000 zitakufikia zikiwa 79,580. Uliza mapema watayaita nini malipo yako, na panga bei kwa kinachobaki. Anayeishi Japani hukatwa 10.21% mpaka yen milioni 1 kwa malipo, na huulizwa kama amesajiliwa kwenye mfumo wa ankara za kodi ya matumizi ulioanza Oktoba 2023.

Kuhusu muda wa kulipwa, desturi ni hesabu kufungwa mwisho wa mwezi na kulipa mwisho wa mwezi unaofuata. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 Japani ina sheria ya wanaojitegemea inayomtaka mteja aandike masharti ya kazi na alipe ndani ya siku 60 tangu kupokea kazi. Ukiwa Nairobi usiitegemee ikupiganie, ila tumia kipimo chake: andika siku 60 kwenye mkataba wako, na andika kwamba siku zinahesabiwa tangu ulipokabidhi faili, si tangu filamu ilipoonyeshwa. Filamu huahirishwa mwaka mzima.

Siku hizi utaletewa pia tafsiri ya mashine uisahihishe kwa nusu bei. Ipime kwa nukuu 50 kwanza. Kwenye mazungumzo ya Kijapani mashine hubahatisha mtenda, na nukuu iliyosomeka vizuri ikiwa na mtu asiye sahihi huchukua muda mrefu kuigundua kuliko kutafsiri upya. Wewe mwenyewe usipakie mswada kwenye mashine ya umma. Mkataba wa kutunza siri uliosaini unakukataza, na video uliyopewa ina alama ya jina lako juu yake.

Kwa kazi ya kwanza usitume wasifu mtupu. Tafuta filamu fupi ya wanafunzi au ya mtayarishaji mdogo, omba ruhusa ya maandishi, itengenezee manukuu ya dakika 10, na tuma faili la srt, ukurasa wa kanuni zako, na orodha ya maswali uliyomuuliza mtayarishaji. Kampuni zikivutiwa zitakupa jaribio la dakika tano hadi kumi. Kwenye jaribio hilo ukikutana na jina usilojua kulisoma, liandike kwenye orodha ya maswali. Wanaosahihisha majaribio hayo huangalia kama umeuliza.